Mji wangu wa hadithi uko juu ya mlima bapa: watu 40,000 wataishije kule?

BintiFeri

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ya kubuni, ulimwengu wangu mwenyewe wenye majoka na kila kitu, na nimekwama kwenye ramani. Naomba wanaojua ardhi na maji wanisaidie, maana mimi nimezaliwa na kukulia Kigamboni. Kitu kirefu nilichowahi kupanda ni maghorofa ya Kariakoo.

Mlima wangu unaitwa Sarimba. Umesimama peke yake katikati ya mbuga kavu. Kilele chake ni bapa kama kimekatwa kwa panga, urefu kilomita 4, upana kilomita 2. Pande zote ni jabali lililosimama wima, mita 200, na chini ya jabali kuna mteremko wa mawe yaliyoporomoka mpaka mbugani. Mvua ni kama ya Dodoma, milimita 500 na ushee kwa mwaka, tena msimu mmoja tu. Kuanzia Mei mpaka Novemba hakuna kitu. Juu kabisa nimeweka mji wa Malkia Mwasiti, watu 40,000, na katika miaka 300 hakuna adui aliyeuteka. Njia ya kupanda ni moja, ngazi iliyochongwa ndani ya ufa wa jabali.

Sheria niliyojiwekea: uchawi upo, ila hauwezi kuumba maji wala chakula. Nikiuruhusu hadithi imekufa, kila shida itaisha kwa kunyoosha fimbo.

Maswali yangu: mlima wa namna hii unatokeaje? Maji yatoke wapi? Na watu wakae sehemu gani hasa? Tafadhali asiniambie mtu "hiyo ni hadithi, weka chochote". Wasomaji wangu wajuaji kuliko nyie.

FundiVisima

Binti, kazi yangu ni kuchimba visima, Mbagala hapa na Mkuranga huko, lakini kwetu ni Newala. Kwa hiyo mlima wako naujua kabla hujauchora.

Anza na mwamba, malkia atasubiri. Mlima kama huo haukuinuka, ulibaki. Hapo zamani nchi yote ilikuwa juu kiasi hicho, tabaka limelala juu ya tabaka. La juu gumu, tuseme mwamba wa mchanga. La chini yake laini, tope la kale lililogeuka jiwe. Mito na mvua vikawa vinakula pembeni. Lile laini likiliwa, gumu la juu linabaki limening'inia, linapasuka, linaanguka bonge zima. Ndiyo hayo mawe yako ya chini. Na kazi hiyo haijaisha: kila baada ya vizazi kadhaa ukingo unarudi nyuma. Kwa hiyo nyumba za ukingoni zenye mandhari nzuri, ambazo najua umewapa matajiri, ndizo zitakazoondoka na jabali. Mimi ningewapa hapo wapangaji.

Sasa maji. Mvua ikipiga juu, sehemu inachuruzika na kumwagika ukingoni, sehemu inazama kwenye nyufa za ule mwamba wa mchanga. Inashuka mpaka inakutana na tope-jiwe, ambalo halipitishi. Hapo maji yanakosa njia ya chini, yanatembea ubavuni, yanatokea nje pale matabaka mawili yanapokutana. Kwenye ramani yako ni pale jabali linapoisha na mteremko unapoanza. Chora mstari kuzunguka mlima wote, weka chemchemi hapa na pale juu ya mstari huo. Nyingine zitoe maji mwaka mzima, nyingine zikatike Agosti. Ikiwa matabaka yameinama kidogo, tuseme kuelekea mashariki, basi mashariki watakuwa na maji mengi na magharibi watakuwa na ugomvi.

Umeona tatizo? Maji ya Sarimba yako mita 200 chini ya miguu ya malkia wako. Watu wa kwanza wa mlima huo hawakukaa juu. Walikaa kwenye mstari wa chemchemi, jabali mgongoni, mashamba mbele mteremkoni. Wa juu walikuja baadaye, na walikuja kwa sababu. Hiyo sababu ndiyo hadithi yako.

Kwetu sababu ilikuwa hofu. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga, unakunywa mvua yote, mito hakuna. Maji yako chini mabondeni. Lakini wazee walipanda wakakaa juu, ndani ya vichaka vizito, kwa sababu ya wateka watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na wanawake ndio waliolipa kwa vichwa vyao: kushuka genge na mtungi mtupu, kupanda nao umejaa. Hofu ilikwisha, watu hawakushuka. Na simulizi ya asili ya Wamakonde inahalalisha hivyo hivyo. Mtu wa kwanza na mkewe walikaa kando ya Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye hivyo hivyo. Wakapanda mpaka uwandani, Mahuta, wa tatu akaishi. Ukiwa na simulizi kama hiyo huhitaji askari wa kuwazuia watu wasihamie karibu na maji. Nawe mpe malkia wako simulizi.

DalaliTandale

Mimi ya maji siyajui, najua magunia. Mtu mzima na mtoto ukiwachanganya, weka kilo 200 za nafaka kwa kichwa kwa mwaka. Watu 40,000 ni tani 8,000. Mtama wa nchi kavu bila mbolea, ukipata tani moja kwa hekta umshukuru Mungu. Unahitaji hekta 8,000. Kilele chako chote, hata ukibomoa ikulu ukalima uani, ni hekta 800.

Kwa hiyo sehemu kubwa sana ya chakula inapanda ngazi. Hata tukisema chote kinatoka chini, tani 8,000 ni magunia 80,000 ya kilo mia, kama magunia 220 kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi humo humo. Ngazi moja. Ndani ya ufa. Na wanaoshuka wapishane na wanaopanda. Hapo hujaweka kuni, chumvi, mbao wala maiti.

Hao wachukuzi ni akina nani? Hujawataja hata mmoja. Mji mzima uko mgongoni mwao.

MwlWaZamu

Nafundisha historia sekondari, niongezee mifano ya kweli, kwa sababu neno "haujawahi kutekwa" limenigusa.

Thaba Bosiu, Lesotho. Moshoeshoe alihamia pale 1824 na watu wake. Kilele bapa, majabali pande zote, njia chache za kupandia. Makaburu waliushambulia 1865, kamanda wao Wepener akauawa akipanda, na mlima haukutekwa. Ila angalia kilichowabeba: juu kuna chemchemi na kuna malisho. Wangetegemea kuteka maji chini wasingefika popote.

Upande wa pili kuna Acoma, New Mexico, Marekani. Kijiji juu ya mlima bapa, zaidi ya mita 100 kutoka chini, na bado kina wenyewe hadi leo. Maji waliyapata kwenye mashimo ya asili ya mwamba yanayojaa mvua. Wahispania waliupanda Januari 1599 wakauteka. Urefu peke yake haukusaidia. Baadaye pale juu likajengwa kanisa, na magogo ya paa yalitoka Mount Taylor, mbali mno, kwa mabega ya watu. Kwa hiyo dada yangu, kila unapoandika "mlango mzito wa mbao" kwenye ikulu, kumbuka mtu aliubeba.

Debre Damo kule Tigray, Ethiopia, ni monasteri juu ya jabali. Unapanda kwa kamba ya ngozi, kama mita 15, na wanawake hawaruhusiwi. Mabirika yamechongwa kwenye mwamba. Inadumu kwa sababu ni watawa tu. Uliza ingekuwaje na watu 40,000.

BintiFeri

Shikamoo FundiVisima, na asanteni nyote. DalaliTandale umeniharibia usingizi.

Lakini mji sishushi. Nabishana kidogo: mabirika je? Mwamba wa juu ni mgumu, mvua inateleza. Nikichonga mabirika ya kutosha, si napita kiangazi bila kumtegemea mtu wa chini? Uwanja wa kukinga mvua ninao, kilomita za mraba 8.

FundiVisima

Marhaba mwanangu. Haya tupige hesabu, na tusidanganyane.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua yako ya mwaka ni lita 500 kwa kila mita, yaani madumu 25. Nusu itapotea kwa jua na nyufa, unabaki na 250. Mtu mmoja mpe dumu moja la lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, kunawa uso. Watu 40,000 ni mita za ujazo 800 kwa siku. Kiangazi chako ni siku 210. Jumla mita za ujazo 168,000.

Eneo la kukinga linatosha kabisa, huhitaji hata kilomita moja ya mraba ya mwamba mtupu uliofagiliwa. Kinachokushinda ni pa kuyaweka. Masada, ile ngome ya Herode jangwani, mabirika yake yote pamoja ni kama mita za ujazo 40,000, na aliyachonga mfalme mwenye fedha na vibarua. Wewe unataka mara nne na zaidi. Yasiwe wazi, jua la Dodoma litayanywa kabla yako. Yawe ndani ya mwamba, mdomo mdogo, yamepigwa chokaa, na chokaa inachomwa kwa kuni, na kuni ziko wapi? Chini.

Inawezekana, sikatai. Kwa miaka 300 inawezekana. Ila mji huo utakuwa mji wa mabirika. Kila nyumba itapimwa kwa birika lake. Mahari itakuwa birika. Kutema mate kwenye uwanja wa kukingia itakuwa kesi ya kwenda kwa malkia. Na mwaka mvua ikikosa nusu, wote 40,000 wanajua kufikia Agosti, kwa sababu kila mtu ana kijiti cha kupimia.

Ukitaka ushauri wangu, juu weka 6,000. Waliobaki wazungushe kwenye mstari wa chemchemi, vijiji vingi vidogo. Vita ikija wote wanapanda na mbuzi wao, wanabanana miezi miwili, mabirika yanawatosha. Sarimba haijatekwa kwa sababu hakuna jeshi linaloweza kukaa mbugani kiangazi likiwa limenyimwa chemchemi. Waambie wenyeji wazizibe kwa mawe kabla ya kupanda.

KondaMstaafu

Mmeongea maji, magunia, mahari. Choo je?

Siulizi utani. Watu wanajisaidia juu ya mwamba wenye nyufa, na mzee hapo kasema nyufa hizo ndizo zinazoleta maji kwenye chemchemi. Sisi tuliokulia bondeni tunaelewa. Masika ikianza hapa Dar, kuna watu wanasubiri mvua kubwa wanatapisha vyoo vyao, maji yabebe, aliye chini atajijua. Sarimba nzima ni hivyo. Siku ya mvua ya kwanza, wa juu wanacheza ngoma ya kushukuru, wa chini wanaharisha.

BintiFeri

KondaMstaafu 😂😂 wewe umenipa sura ya tatu nzima. Nilikuwa na nabii anayetabiri ugonjwa kila mwaka na sikujua anajuaje. Sasa ni mama muuza uji wa kijiji cha mashariki, amegundua kuwa homa ya tumbo inakuja siku chache baada ya ngoma ya juu, na hakuna anayemsikiliza.

Nimechora upya. Juu watu 6,000, mabirika, hekta mia kadhaa za mtama na kunde. Vijiji tisa kwenye mstari wa chemchemi, sita mashariki, vitatu magharibi. Magharibi chemchemi zinakatika, kwa hiyo ndio wamekuwa wachukuzi wa ngazi, hawana shamba la maana. Simulizi ya kupanda mlima ninayo, ila ya kwangu inahusu joka, mtanisamehe.

Swali la mwisho: soko niliweke juu au chini? Nilitaka juu, kwenye uwanja wa ikulu.

DalaliTandale

Chini. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayepandisha gunia kabla halijanunuliwa. Asipouza, alishushe kwa gharama ya nani? Soko liwe pale ngazi inapogusa mteremko, upande wenye kivuli cha jabali mchana. Malkia aweke mtu wake wa ushuru kwenye ngazi ya kwanza.

FundiVisima

Nakubaliana na Dalali. Pale pale weka na chemchemi kubwa kuliko zote, maana ule ufa ulioufanyia ngazi ndio njia ya maji pia, mwamba ukipasuka haupasuki kwa ajili ya watu peke yao. Masika ngazi yako itakuwa maporomoko, siku nyingine haipitiki kabisa. Wachongee mfereji wa pembeni.

Na hao wachukuzi wa magharibi wape chama na kiongozi. Jeshi lilishindwa miaka 300. Wao wakikaa chini ya mti wiki moja, wasibebe kitu, utaona malkia anavyoshuka mwenyewe kwa miguu.