Safari ya mabadilishano nje ya nchi inawezaje kuwafundisha ujasiriamali wanafunzi wa sanaa za ufundi?

Mkufunzi wa Ufinyanzi

Ndugu walimu na wakufunzi, naomba ushauri wenu. Nafundisha ufinyanzi katika chuo cha ufundi stadi, na mwakani wanafunzi wetu 12 watakwenda kukaa wiki 3 katika chuo rafiki kilicho nchi nyingine, kisha wenzao wa huko watakuja kwetu kwa muda huohuo. Uongozi umeagiza kwamba ujasiriamali ndio uwe shabaha kuu ya safari zote mbili.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba somo hili nimelifundisha darasani kwa miaka kadhaa na matunda yake siyaoni. Kila mwanafunzi huandika mpango wa biashara, hujaza jedwali la mapato na matumizi, hupata alama nzuri, halafu akishahitimu huuza chungu chake kwa bei yoyote atakayotajiwa na mnunuzi wa kwanza. Nimeziona pia ziara za namna hii zikiishia katika kutembelea makumbusho, kupiga picha na kupokea vyeti. Je, wanafunzi wafanye nini hasa wakiwa huko, ambacho hawawezi kukifanya nyumbani? Na wale watakaokosa nafasi ya kusafiri tuwafanyie nini?

Mwalimu wa Uchongaji

Mwalimu mwenzangu, kitu ambacho safari inaweza kukitoa na darasa likashindwa ni mteja asiyemfahamu mwanafunzi hata kidogo, asiye na sababu ya kumwonea haya wala huruma. Nyumbani wanaonunua kazi za wanafunzi ni wazazi, majirani na sisi walimu, na mara nyingi tunanunua ili kumtia moyo mtoto.

Nitasimulia lililotupata. Wanafunzi wangu waliwahi kuchonga mabakuli ya mti pamoja na wenzao wa chuo cha ng'ambo, wakayauza katika maonyesho madogo hukohuko wakati wa baridi. Bakuli lililosuguliwa vizuri kuliko yote lilirudishwa siku ya tisa likiwa na ufa uliotoka ukingoni hadi karibu na kitako, mpana kiasi cha kupitisha ukucha. Mti ule ulikaushwa katika hewa yenye unyevu, kisha bakuli likaingia katika nyumba inayopashwa moto, ambamo hewa ni kavu. Mti ukaendelea kupoteza maji na kusinyaa, na kwa kuwa mti husinyaa zaidi kwa kufuata duara zake za ukuaji kuliko kuelekea kiini, ukapasuka. Binti aliyelichonga alilia. Hata hivyo mteja alikuwa amesimama pale akingoja jibu, na ilibidi wanafunzi waamue kama watamrudishia fedha, watampa bakuli jingine, au watamweleza kwamba mti una tabia zake. Walijadiliana hadi jioni, wa kwetu na wa kwao, wakarudisha fedha, wakaandika na kikaratasi cha maelezo ya utunzaji cha kuambatana na kila kazi. Tangu siku hiyo hawachongi kitu kabla ya kuuliza kitakwenda kukaa katika hewa gani. Mimi nilikuwa nimewaeleza habari za unyevu wa mti mara nyingi, nao waliziandika daftarini tu.

Kwa hiyo wauze, tena wauze walichokitengeneza pamoja. Karatasi za mpakani msizijaze ninyi walimu, waachieni wao. Masanduku ya mbao ya kufungashia hufuata ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao, ambayo kwa njia ya joto hutaka kiini cha mbao kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha mbao igongwe alama. Wachongaji wa mpingo nao wakumbuke kwamba miti ya jamii hiyo imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, hivyo habari za kibali ziulizwe kabla kazi haijafungwa.

Mratibu wa Mabadilishano

Nakubaliana na Mwalimu wa Uchongaji, ila nisingependa mauzo yawe kipimo pekee. Mwongozo wa ujasiriamali uitwao EntreComp, uliotolewa na Tume ya Ulaya mwaka 2016, unataja uwezo wa aina 15 katika maeneo matatu, yaani mawazo na fursa, rasilimali, na utekelezaji. Na unasema wazi kwamba thamani inayozalishwa yaweza kuwa ya kifedha, ya kiutamaduni au ya kijamii. Maneno hayo huwasaidia sana wanafunzi wa sanaa, kwa sababu wengi wao huingia katika somo hili wakiamini kwamba biashara itaiharibu kazi yao.

Wiki 3 ni muda mfupi. Katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa mabadilishano ya wanafunzi, safari fupi za wanafunzi wa ufundi huanzia siku 10 hadi 89, na zile ndefu siku 90 hadi 365, na katika zile fupi atakayefika bila kazi mkononi hurudi bila kazi. Anzeni miezi miwili kabla, kwa njia ya intaneti, katika timu zenye watu wa vyuo vyote viwili, na kila timu iwe na wanaosafiri na wasiosafiri. Hao wanaobaki wapewe majukumu ya kweli, kama kununua malighafi, kutunza hesabu na kuwajibu wateja baada ya wenzao kurudi.

Pia waandikiane ukurasa mmoja kuhusu umiliki wa michoro. Mkataba wa Berne wa 1886 hulinda kazi ya sanaa bila kudai isajiliwe, lakini hautawaamulia marafiki wawili nani aendelee kutumia nakshi waliyoibuni pamoja. Nimewahi kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo mwaka mzima baada ya safari, na urafiki wao haukurudi.

Mhitimu wa Kutarizi

Shikamooni walimu wangu. Mimi nilisafiri kwa mpango kama huo. Siku ya pili mkufunzi mwenyeji aliniuliza kitambaa changu kilinichukua saa ngapi, nikajibu, "Siku chache." Wanafunzi wake wote walikuwa na daftari la saa. Nikaweka saa kando ya fremu na kupima: ua moja lilichukua saa 2 na dakika 40, na kitambaa kilikuwa na maua 14, yaani saa 37 na dakika 20. Bei niliyokuwa nikiitaja ilitosha kulipia uzi na kitambaa, basi. Nilipunguza maua yakawa matatu kwenye kona moja, na vitambaa hivyo ndivyo ninavyoviuza hadi leo.

Mkufunzi wa Ufinyanzi

Marahaba binti yangu, na ahsanteni nyote. Daftari la saa litaanza wiki hii kwa darasa zima. Kisa cha bakuli kimenikumbusha kwamba tanuri la wenyeji wetu huchoma kwa joto kubwa kuliko letu. Vyungu vyetu vya joto la chini hunyonya maji, na mnunuzi wa kule anayetaka chombo cha kuwekea maua mezani lazima aambiwe hivyo kabla hajalipa. Wanafunzi ndio watakaoamua watabadili udongo, watapaka kwa ndani rangi ya kioo ya kuzuia maji, au watauza vyombo vya vitu vikavu. Limebaki swali moja: fedha za mauzo mlizigawanya vipi?

Mwalimu wa Uchongaji

Waliandika wenyewe kabla ya kuondoka. Gharama ya malighafi ilitolewa kwanza, ikafuata akiba ya kuwarudishia wateja, na kilichobaki kikagawanywa sawa kwa sawa, pamoja na waliobaki nyumbani. Chuo hakikuchukua kitu. Ile akiba waliishikilia miezi mitatu, maana nyufa nyingine huchelewa kuonekana.