Nashindwa kuunganisha sentensi za Kiingereza kwa "who", "which" na "that", naomba msaada

KijanaWaRungwe:
Habari za jioni wakuu. Naongoza wageni huku Tukuyu, hasa wanaopanda Ngosi na wanaokwenda Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Kuongea naongea, shida ni kuandika. Nimeandaa maelezo ya kuwapa wageni, mwenzangu akayapitia na kuzungushia kalamu nyekundu sentensi hizi bila kusema kosa liko wapi:

"The lake which we will visit it is in a crater."
"The guide who I work with him comes from Isongole."
"An old man who his farm is near the path sells bananas."
"Mount Rungwe, that is near Tukuyu, is a volcano."

Nataka kuelewa, sio kukariri.

MwalimuUyole:
Mbili za kwanza zina ugonjwa mmoja, na ndio ninaokutana nao sana kwenye madaftari ya wanafunzi. Kwa Kiswahili tunasema "ziwa tutakalolitembelea". Hapo "-lo-" ni ziwa, na "-li-" ni ziwa hilohilo. Sarufi yetu inakubali, Kiingereza kinakataa.

Vunja sentensi iwe mbili: "The lake is in a crater. We will visit it." Hiyo "it" ndiyo inayogeuka kuwa "which" na kuhamia mbele. Ikishahama, nyuma haibaki: "The lake which we will visit is in a crater." Ya pili vilevile, ondoa "him": "The guide who I work with comes from Isongole." Usiogope kuona "with" imebaki peke yake.

MwanaKalenga:
Kamwene! Ya tatu inataka "whose", maana shamba ni la mzee: "An old man whose farm is near the path". Sisi huku tuna mfano wetu: "Chief Mkwawa, whose skull was returned from Germany in 1954, is remembered at Kalenga." Fuvu ni lake, basi "whose". Na si kwa watu tu, hata "a house whose roof is red" ni sahihi.

DerevaMafiat:
Mkuu usijichoshe, weka "that" kila mahali. Inafaa kwa watu na vitu.

MwalimuUyole:
Ndugu yangu Dereva, inafaa, ila si baada ya koma, na hilo ndilo kosa la sentensi ya nne. Mlima Rungwe ni mmoja, msomaji anaujua kwa jina tu. Maelezo ya "uko karibu na Tukuyu" ni nyongeza, yanakaa kati ya koma mbili na yanataka "which".

Kwako wewe unayeongoza wageni, koma inaweza kuleta ugomvi. "The guests who paid yesterday will leave at six": wanaondoka waliolipa jana tu. "The guests, who paid yesterday, will leave at six": wote walilipa, wote wanaondoka. Soma matangazo yako kwa jicho hilo kabla ya kuyabandika.

MamaKihesa:
Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha pili, anasisitiziwa "whom". Bado inatumika?

MwalimuUyole:
Marahaba mama. Kwenye mtihani aiandike pale mtu anapotendwa: "the teacher whom we met". Ikitanguliwa na kihusishi haina mbadala: "with whom", kamwe si "with who". Kwenye mazungumzo wengi husema "who", au huiacha kabisa: "the teacher we met". Ila kinachotenda hakiachwi. "The path that goes to the lake" ukitoa "that", sentensi nzima inaharibika.

KijanaWaRungwe:
Ndaga fijo mwalimu, na wote. Nimeziandika upya zote nne. Nimeongeza na hii: "The village where we leave the car in it has a small shop." Iko sawa?

MwalimuUyole:
Toa "in it". "Where" imeshabeba mahali. Nyingine zilete hapahapa tuzione.