Baji paidi: ninunue paidi kamili au spliti?

Mwanzi: Wakuu, salaam. Nataka kuzalisha baji (kasuku wadogo wa kufugwa) aina ya paidi wa Denmark, wenye mabaka. Muuzaji ana jozi ya paidi, pia ana spliti wawili (wabeba jeni ya paidi) kwa nusu ya bei. Nalipa Jumamosi. Nichukue wepi?

Fundi Tundu: Hujataja umri, wala kama ni ndugu wa kiota kimoja, wala kama muuzaji ana daftari la pete (rekodi ya pete za miguuni na wazazi). Spliti kwa macho ni baji wa kawaida, jeni imejificha. Bila rekodi ya wazazi unanunua maneno.

Mwanzi: Wana miezi sita. Pete wanazo, daftari sijaliona.

Mama Kiota: Miezi sita bado wachanga. Jike asubiri afikishe mwaka. Akitaga mapema yai linaweza kumkwama akafa. Na jinsia? Dume wa kawaida akikomaa ngozi ya puani huwa bluu, ya jike kahawia. Dume paidi wa Denmark hubaki na pua ya waridi au zambarau, kwa hiyo watu humdhania jike.

Kasuku Kisauni: Chukua dume paidi na jike spliti mwenye rekodi. Nusu ya vifaranga paidi, nusu spliti wa uhakika. Paidi kwa paidi hutoa paidi watupu, ila hawa ni wadogo kiasili, na ukiwarudia vizazi vingi mwili unazidi kupungua.

Fundi Tundu: Naunga mkono. Spliti kwa spliti ni 25% tu paidi. Kiota cha vifaranga watano kina karibu nafasi moja kati ya nne ya kutotoa paidi hata mmoja. Wanaobaki, theluthi mbili ni spliti na huwatambui kwa macho.

Balaa linalojirudia ni hili: "spliti" wawili wanawekwa kwenye banda la pamoja, jike anapandwa na dume wa jirani, vifaranga wote wanatoka kijani. Mwenye banda anawauza kama spliti, mnunuzi naye anafanya vilevile, na uongo unasafiri na pete. Jozi moja, tundu moja. Jike aliyetoka kwa dume mwingine mtenge mwezi mzima. Kisha mpime kwa kumpandisha na paidi halisi: kama kweli ni spliti, nafasi ya kupata vifaranga saba mfululizo bila paidi ni 1 kati ya 128.

Ngamiani: Mbona spliti wana doa kisogoni? Angalia hilo, inatosha.

Fundi Tundu: Haitoshi. Wengine hawana kabisa, na klaifulaiti (clearflight, baji mwenye manyoya meupe au njano ya kurukia) naye ana doa hilohilo.

Kasuku Kisauni: Na klaifulaiti ukimuunganisha na paidi wa Denmark unapata njano tupu au nyeupe tupu, macho meusi. Ndege wazuri mno!

Mwanzi: Hao wanapatikana kwa kizazi cha kwanza?

Kasuku Kisauni: Hapana. Cha kwanza wote ni spliti, nusu yao klaifulaiti. Hao klaifulaiti ndio unaowarudisha kwa paidi.

Ngamiani: Mkuu, anza na ino (baji wa njano au mweupe mwenye macho mekundu). Dume ino kwa jike wa kawaida: majike wote ino, madume wote spliti wa ino. Hakuna kubahatisha.

Mama Kiota: Ameuliza paidi, ndugu yangu.

Mwanzi: Nimerudi kwa muuzaji. Daftari hana. Dume paidi ana duara jeupe kuzunguka mboni.

Mama Kiota: Basi huyo si wa Denmark, kwa umri huo jicho lingekuwa jeusi tupu. Tuma picha ya jicho na ya kifua kabla ya Jumamosi.