Msaada: vidole vimekufa ganzi na nyayo zinapasuka, nipake nini?

MamaSato: Habari zenu wakuu. Nakaanga samaki karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Mkono wa kulia una ganzi, kidole cha mwisho kimejikunja hakinyooki. Nyayo zimekauka zinapasuka. Juzi nageuza sato, mwanangu akapiga kelele, "Mama, unaungua!" Kuangalia, ngozi ya kidole gumba imeshababuka na mimi sijasikia kitu. Nipake mafuta gani? Msinitume hospitali, naomba dawa tu.

Kayenze_Boy: Mafuta ya sangara dada, si unayo hapo hapo bure!

Mzee wa Nansio: Hiyo sukari. Marehemu baba alianza hivyo hivyo, alikanyaga msumari asubuhi akauona jioni. Kaka yetu mkubwa akagoma kuuza ng'ombe tumpeleke hospitali ya Bugando, tukagombana ukoo mzima. Kapime sukari.

Dada Neema: Kina mama tunajichosha mno. Pumzika mpenzi, na umwombe Mungu.

Nesi_Misungwi: Dada, una mabaka? Doa lililopauka, haliwashi, ukiligusa kwa pamba husikii?

MamaSato: Kwa nini unauliza?

Nesi_Misungwi: Nijibu tu mama.

MamaSato: Yapo, mgongoni na mapajani. Haya, nisiwafiche. Hospitali walishasema ni ukoma. Walinipa vidonge, nikameza, nikaacha. Uso ulikuwa unazidi kuwa mweusi, wateja wakaanza kunong'ona. Mume yuko kambi ya dagaa visiwani, hajui. Kuna mzee upande wa Sengerema anasema nimetupiwa kitu, nimeshamtumia nusu ya hela. Msinihukumu. Neno hilo likifika mwaloni, nani atanunua samaki wangu?

Mkaguzi: Hii chai. Ukoma uliisha enzi za babu zetu. Kwanza ganzi, sasa mabaka, mara mganga. Kesho tutaletewa namba ya kuchangia. Wasimamizi, futeni.

MamaSato: Nimemwomba nani hela? Siku ya vidonge vya kumeza mbele ya nesi, mkojo ulitoka mwekundu kama juisi ya rozela, nikajua natokwa damu. Na hilo nimetunga?

Nesi_Misungwi: Mkaguzi, hajatunga. Mkojo mwekundu ni rifampisini, mojawapo ya dawa za ukoma. Weusi ni dawa nyingine, klofazimini, unapungua taratibu ukimaliza dozi. Mama, hujatupiwa kitu: ni bakteria, daktari Hansen wa Norway alimwona tangu 1873. Anaenea kwa hewa, kwa kukaa muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa. Mtu akiwa kwenye dawa haambukizi. Mabaka yakizidi matano dozi ni ya miezi 12, na unaruhusiwa kuimaliza ndani ya miezi 18, kwa hiyo rudi sasa. Dawa ni bure. Kinachonitisha ni hicho kidole: mshipa wa fahamu wa kwenye kiwiko unaumia. Wakikuwahi kuna prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa, ukichelewa kitabaki hivyo. Mume na watoto nao wakaguliwe ngozi. Nyayo ziloweke kwenye maji ya kawaida, paka mafuta zikiwa bado na unyevu, zikague kila jioni. Usitembee peku. Jikoni tumia koleo ndefu ya mpini wa mbao.

Bukumbi Damu: Nimekulia jirani na makazi ya watu wa ukoma ya Bukumbi. Wale wazee dawa iliwaponya, vidole ndivyo havikurudi. Utotoni tulikatazwa hata kuwasalimia, inaniuma mpaka leo.

MamaSato: Nimewasikia. Lakini kliniki ya mtaani wananijua. Na hela ya mzee hairudi, bora nikamsikilize kwanza. Mume nitamwambia mbalamwezi ikianza, wakirudi nchi kavu.

Nesi_Misungwi: Nenda kliniki nyingine yoyote ya kifua kikuu na ukoma, hata huku Misungwi. Beba kadi na pakiti iliyobaki. Huyo mzee mwache na hiyo nusu, usimwongezee.

Mkaguzi: Dada, hayo mabaka hayawashi kabisa? Mama mdogo analo moja begani.

MamaSato: Hayawashi hata kidogo. Ndiyo maana nilikaa nayo. Mpeleke.