Kidonge cha kuongeza chembe sahani na marufuku ya maziwa

MamaK, Kiboriloni: Wakuu shikamooni. Binti yangu chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, ni 18,000 tu, wakati kawaida ni kuanzia 150,000. Akipiga mswaki, damu. Daktari kamwandikia eltrombopagi, eti inaamsha vipokezi. Inavijuaje? Na mbona kakatazwa maziwa? Kwetu mgando haukosi!

Fundi Maabara, Arusha: Pole mama. Uboho hutengeneza chembe sahani homoni ya thrombopoetini ikishika kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe. Miaka ya 1990 walijaribu homoni ya maabara. Baadhi ya watu miili ikaunda kingamwili, zikashambulia hadi homoni yao ya asili. Hapo mambo yakaharibika. Watafiti wakapima molekuli ndogo lukuki kwenye seli, wakitafuta itakayowasha kipokezi. Hii eltrombopagi haifanani na homoni kabisa, inashika kwingine, pale kipokezi kinapopenya utando wa seli. Marekani iliidhinishwa 2008.

Bazazi: Mpe majani ya mpapai.

Fundi Maabara: Bazazi, tulia. Mama, kalsiamu ya kwenye maziwa huinasa dawa tumboni. Ameze masaa 2 kabla ya mgando au 4 baadaye.

MamaK: Kumbe! Alikuwa anamezea chai ya maziwa.