Windows 10 au 11: mashine mbili za duka, nipandishe au niache?

MamaStesheneri
Assalam aleikum ndugu zangu. Nina duka la stesheneri na fotokopi hapa Makadara, Mombasa, na kompyuta mbili. Moja ina wiki ya tatu sasa, kila nikiiwasha asubuhi inafunika skrini nzima ikinitaka niweke Windows 11. Nyingine haijaniambia neno. Nasikia Windows 10 imeshakatwa, na wengine wananiambia nisiguse kitu maadamu kinafanya kazi. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na hapo ndipo ilipo riziki yangu ya Januari. Nipandishe, niache, au ninunue nyingine? Fundi wa jirani anasema anaweza kuja Ijumaa.

Fundi_Tudor
Waaleikum salaam dada. Hujatupa la kutusaidia kukujibu. Mashine za aina gani? Prosesa gani? Memori ngapi? Diski ni ya kuzunguka au SSD isiyozunguka, na imebaki nafasi gani? Unazitumia kwa kazi gani hasa? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, utuandikie mstari wa prosesa kama ulivyo.

Mlikoni
Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Mimi niko nayo tangu Januari 2020, siku zile Windows 7 ilipokatwa. Laptopu yangu ni kuukuu na inawaka upesi kuliko mpya za ofisini kwetu, na sijalipa hata shilingi. Toleo la 22 lina viraka, yaani masasisho ya usalama, mpaka 2029.

Fundi_Tudor
Mlikoni, ngoja kwanza tujue anafanya kazi gani.

MamaStesheneri
Samahani, nilikuwa na mteja. Ya kaunta ni HP EliteBook 840 G5, imeandika i5-8250U, memori 8, SSD ya 256 imebaki 31. Niliinunua ikiwa imetumika, miaka miwili iliyopita. Hii ndiyo yenye daftari lote la madeni, mitihani ya walimu wanaoniletea kuchapisha, na barua za watu. Ya pili ni Dell OptiPlex 7050, i5-7500, memori 8, diski ya kuzunguka ya 500. Hiyo ni ya wateja, wanafungulia iTax, tovuti ya kodi ya serikali, na kuandikia barua za kazi.

Fundi_Tudor
Basi nusu ya swali imeshajijibu. i5-8250U ni kizazi cha 8, na hapo ndipo Microsoft ilipopiga mstari kwa prosesa za Intel. Ndiyo maana HP inakuita. i5-7500 ni kizazi cha 7, haimo, na haitaitwa hata ukingoja mwaka mzima.

Kwa HP mimi nasema panda. Viraka vya bure vya Windows 10 vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wewe flashi za watu zinaingia na kutoka kutwa, na mitihani ya walimu imo humo humo. Ukipanda na ukaona haikufai, una siku 10 za kurudi ulikotoka, faili zako zikiwa pale pale. Baada ya hapo mlango huo unafungwa. GB 31 zinatosha kwa kubana, lakini futa takataka kwanza.

BintiHesabu
Mbona mimi niliambiwa tatizo la Dell za aina hiyo ni TPM, ile chipu ya usalama? Ya ofisini kwetu nimeingia kwenye baiosi, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, nikaiwasha TPM, na bado inakataa.

Fundi_Tudor
TPM ni sharti moja, prosesa ni sharti jingine, na yote mawili lazima yatimie. Yenu inakwama kwenye prosesa. Ipo njia ya kuzunguka ukaguzi, vijana wanatengeneza flashi za kuweka Windows kwa programu ya Rufus kila siku na inafanya kazi. Lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine iliyopita kwa mlango huo itaendelea kupata masasisho. Siwezi kumshauri mtu mwenye duka afanye hivyo.

BintiHesabu
Basi Dell abaki nayo kwenye 10 na aombe ule mwaka wa nyongeza. Viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Leseni moja inatosha mashine 10.

Mwalimu_Ganjoni
Binti, mpango huo umewekwa kwa watu binafsi majumbani. Wa biashara ni mwingine, na ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza. Huyu mama ana duka.

BintiHesabu
Mwalimu, duka lenyewe ni mtu mmoja na kompyuta mbili. Nani atakuja Makadara kumuuliza?

Mwalimu_Ganjoni
Mimi sisemi atakuja mtu. Nasema aambiwe masharti kama yalivyo, kisha aamue mwenyewe.

Na nina swali kwa mama: mashine zote mbili ziko kwenye wifi moja? Nauliza kwa sababu nakumbuka Mei 2017, virusi vya WannaCry. Vilikuwa vikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani, bila mtu kubonyeza chochote. Kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo hata ukiipandisha HP, Dell ikabaki wazi pembeni yake, hujamaliza kazi.

MamaStesheneri
Ndiyo, wifi ni moja. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Mlikoni
Ndiyo maana nikasema Mint. Iwekeni kwenye Dell. Mteja anataka nini? Intaneti, barua, kuchapisha. Vyote vipo.

BintiHesabu
Kakangu, iTax je? Mimi nafanya ritani za VAT za maduka 6, mwisho tarehe 20 kila mwezi. Ile fomu ni ya Excel na ina makro, vile viprogramu vinavyojiendesha ndani yake. Usipoziruhusu makro, kile kitufe cha kuhakiki hakifanyi kitu, na usipohakiki hupati faili la kupakia. Niliwahi kuifungua kwa LibreOffice, ile ya bure mnayotumia badala ya Excel, tarehe 19 usiku, nikakaa nayo mpaka saa saba, mwisho nikamwamsha shemeji yangu aniletee laptopu yake. Sirudii.

Mlikoni
Lakini wateja wa saiba wengi wanataka cheti cha PIN ya kodi na ritani ya sifuri, na hizo zinafanyika ndani ya tovuti, Excel haihitajiki. Wenye VAT atawafanyia kwenye HP.

BintiHesabu
Na mwalimu akija na mtihani wake wa Word, jedwali zikikaa upande?

Mlikoni
Zinakaa sawa siku hizi.

BintiHesabu
Za nani? Mimi nazungumza juu ya zile nilizoziona kwa macho yangu.

Fundi_Tudor
Mbishane polepole, dada bado yuko na swali lake. Kwa Dell, lolote mtakaloweka, ile diski ya kuzunguka itoeni kwanza mtie SSD. Hata ndogo ya 240. Hapo ndipo mtasikia tofauti kubwa kuliko kubadilisha Windows. Na ifunguliwe ipulizwe, maana chumvi na vumbi la hapa pwani vinakaa kwenye feni na kushikana kama ugali mkavu.

MpigaPicha_Kisauni
Dada, soma hii kabla fundi wako hajaja Ijumaa.

Mimi napiga picha za harusi. Mwaka jana nilinunua laptopu iliyotumika. Muuzaji aliniwekea kila kitu mwenyewe, nikalipa nikaondoka nayo ikiwa tayari kwa kazi. Agosti nikataka kupanda Windows 11. Nilisoma mahali kwamba baiosi isasishwe kwanza, nikaisasisha. Ikazima, ikawaka, na badala ya jina langu ikaja skrini ya buluu inayotaka ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima. Tarakimu 48. Chini yake kulikuwa na kitambulisho cha ufunguo, nikakinakili nyuma ya risiti ya mafuta kwa sababu simu yangu ilikuwa imezima.

Mimi sijawahi kuweka BitLocker maishani mwangu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mashine za siku hizi zinaweza kuifunga diski zenyewe pindi mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unakwenda kukaa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ya kwanza kwenye laptopu yangu ilikuwa ya muuzaji.

Mle ndani mlikuwa na harusi ya siku tatu, hina, nikaha na kupamba. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta kwa kazi nyingine. Mama wa bibi harusi alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba magotini, akaitazama ile skrini ya buluu, kisha akainuka akaenda zake. Muuzaji alikuwa ameshahama na simu yake haipatikani. Siku ya 11 nikampata Bamburi kupitia binamu yake. Alifungua akaunti yake kwenye simu, na kumbe mle mna orodha ndefu ya funguo, mashine chungu nzima alizowahi kuuza. Tukalinganisha herufi 8 za mwanzo, moja moja, mimi nimeshika ile risiti. Yangu ilikuwa karibu na mwisho kabisa.

Picha zilifunguka, alhamdulillah. Ila familia ile ilikuwa na harusi nyingine Desemba, na walimchukua mpiga picha mwingine. Siwalaumu.

Mwalimu_Ganjoni
Pole sana mwanangu.

Fundi_Tudor
Pole bwana. Na hapo TPM ilikuwa inafanya kazi yake. Baiosi ikiguswa inaona mashine si ile iliyoijua, inakataa kuutoa ufunguo. Ndiyo maana kabla ya kugusa baiosi unaisimamisha BitLocker kwanza, ukimaliza unairudisha. Mafundi wengi wanaruka hatua hiyo.

Mlikoni
Haya yote ni matunda ya kulazimishwa akaunti. Kwenye Mint hakuna mtu anayeniuliza barua pepe yangu ili nitumie mashine niliyoinunua kwa jasho langu.

BintiHesabu
Kwa hilo nakubaliana nawe.

Mwalimu_Ganjoni
Na kuhusu Ijumaa: kama mnafunga saa sita mpaka saa nane kwa swala, msidhani muda huo unatosha. Yangu ilichukua karibu saa tatu pamoja na kushusha, na bando lilikatika katikati. Betri ya hiyo HP ikoje? Stima ikipotea katikati ya kazi na betri imekufa, ni balaa jingine.

MamaStesheneri
Betri inakaa kama saa moja na nusu.

Lakini nimeisoma ya mpiga picha mara mbili, kisha nikafungua mipangilio, sehemu ya akaunti. Juu pameandikwa User, ndivyo ilivyokuja na nikaizoea, na PIN ndiyo ile niliyopewa siku ya kununua. Chini yake kuna barua pepe. Si yangu, si ya mume wangu, na sijawahi kuiona.

MpigaPicha_Kisauni
Usiizime. Wala usiiwashe upya. Chomeka chaja.

Fundi_Tudor
Usiogope dada, maadamu umo ndani uko salama. Tafuta cmd kwenye menyu, bonyeza kulia, uifungue kama msimamizi. Andika: manage-bde -status

MamaStesheneri
Imeandika mistari mingi. Kwenye C kuna "Protection On".

Fundi_Tudor
Basi imefungwa. Sasa andika: manage-bde -protectors -get C:
Itakupa nambari ndefu, mafungu 8 ya tarakimu 6. Huo ndio ufunguo wenyewe. Usituwekee hapa.

MamaStesheneri
Nimeuona. Nimeuchapisha karatasi mbili, nikasoma moja na skrini, fungu kwa fungu, binti yangu akinisomea. Zote nimezipiga laminesheni. Moja nampa mume wangu akaiweke nyumbani, nyingine inakaa kwenye kisanduku cha pesa.

MpigaPicha_Kisauni
Mashallah. Ukitulia, nakili daftari la madeni kwenye diski ya nje leo leo, kisha ingiza akaunti yako mwenyewe. Ile ya muuzaji itolewe, lakini hakikisha kwanza yako imepewa usimamizi.

Fundi_Tudor
Hayo yakishakuwa, Ijumaa anaweza kuja kuipandisha.

Mwalimu_Ganjoni
Mimi ningengoja shule zifunguliwe, msongamano upite. Wiki mbili si nyingi.

Fundi_Tudor
Wiki mbili za flashi za watoto wa shule, mwalimu?

Mlikoni
Na Dell je? Mbona imesahaulika?

MamaStesheneri
Dell nitaanza na SSD, kisha nitarudi kuwauliza. Ya HP bado nalala nayo. Fundi sijamwambia asije.

BintiHesabu
Jamani, nami nimekwenda kuangalia ya kwangu, yenye vitabu vya wateja wote sita. Imeandika "Protection On", na barua pepe ni ya mtu aliyeacha kazi kwetu 2024. Naandika amri ile ile?

MpigaPicha_Kisauni
Ile ile dada. Mwisho ni C, kisha nukta mbili, moja juu moja chini. Uwe na karatasi kwenye printa.