Kaseti za taarab, CD na MP3: nihifadhi kwa fomati gani?

Mtunza_Kanda
Wakuu, nina kaseti 120 za taarab za dakika 60, CD kama 80, na folda ya MP3, nyingi za kbps 128. Diski za nje ni mbili, kila moja GB 500. Nataka nakala ya kudumu. Niweke WAV (sauti isiyobanwa), FLAC (inayobana bila kutupa sauti), au MP3 ya 320 inatosha? Na hizi MP3 nikizigeuza FLAC, ubora utapanda?

FundiMitambo
Mkuu, hautapanda. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza FLAC unapata faili kubwa mara kadhaa yenye sauti ileile. Ziache zilivyo. Usizibane upya hata kwa 320, maana kila mbano unakata tena.

CD zitoe kwa programu ya Exact Audio Copy, washa AccurateRip (inalinganisha matokeo yako na ya watu wengine wenye CD hiyohiyo), hifadhi FLAC. Saa moja ya CD ni MB 635 ikiwa WAV. FLAC mara nyingi huishia kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo, na sauti haipungui hata biti moja.

Kaseti rekodi kwa biti 24, kHz 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, kila moja ya biti 24). Vilele vya sauti viishie kati ya −12 na −6 dB. Vikivuka 0 vinakatwa na hakuna programu ya kuvirudisha. Nakala mama usiisafishe kelele. Ukitaka iliyosafishwa, fanyia kwenye nakala nyingine.

Nyaraka_Pwani
Naongezea upande wa WAV. Mwongozo wa TC-04 wa IASA (chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti) unaofuatwa na hifadhi za sauti unataka WAV ya utangazaji (BWF), biti 24, angalau kHz 48, na unapendelea 96. Kwa 24/48 kaseti zako zote ni kama GB 124, kwa 24/96 ni GB 249, kwa hiyo nafasi unayo. Angalizo: WAV ya kawaida ina kikomo cha GB 4 kwa faili, yaani dakika 124 hivi za 24/96 stereo. Rekodi kila upande wa kaseti faili yake.

FundiMitambo
Sipingi, ila kwa mtu wa nyumbani asiye na mfumo wa kukagua faili, mimi nasimama na FLAC. Biti ikigeuka ndani ya WAV, utasikia "tik" siku moja, au hutasikia kabisa, na hakuna kitakachokuambia. FLAC inabeba ndani yake alama ya MD5 ya sauti yote, na kila kipande kidogo kina namba yake ya ukaguzi. Kwa mpangilio wa kawaida kipande ni sampuli 4096, chini ya moja ya kumi ya sekunde.

Amri ya kubana: `flac -8 -V *.wav`. Hiyo `-V` inafungua faili palepale na kulinganisha na WAV. Kukagua: `flac -t *.flac`, kila faili nzima inaandikiwa ok. Isiyopita, ichukue kwenye diski ya pili ukiwa bado unayo. Rudia ukaguzi kila miezi sita, diski zote mbili.

Mtunza_Kanda
Asante sana. Kwa hiyo kaseti nazo zitapungua nusu?

FundiMitambo
Usitegemee. FLAC inabana kwa kukisia sampuli inayofuata, na ile "shshsh" ya mkanda haikisiki. Kwa biti 24 kelele hiyo inakula nafasi nyingi.

Nyaraka_Pwani
Mawili ya mwisho. Diski mbili ndani ya kabati moja ni nakala moja mbele ya moto au mwizi; moja ikae nyumba nyingine. Flashi isiwe hifadhi ya miaka, itumie kwa MP3 za gari tu, ukizitoa kwenye FLAC.

Na kabla ya kaseti ya kwanza, safisha hedi (kichwa cha deki kinachosoma mkanda) kwa pamba na spiriti, kisha zungusha taratibu ile skrubu ndogo ya pembeni ya hedi huku ukisikiliza kwa mono, mpaka nyuzi za ganuni zisikike kali kabisa. Fanya hivyo kwa kila kaseti, maana kila moja ilirekodiwa kwenye deki yake. Hedi ikiwa imepinda, hata 24/96 itahifadhi sauti iliyofifia.